Ukivua Gwanda la Uhandisi Ukaenda Al Hamriya

Mwongozo huu ni wako uliyetumikia uhandisi wa medani, iwe KDF ya Kenya, JWTZ ya Tanzania, UPDF ya Uganda au jeshi la Burundi, ukamaliza mkataba au ukastaafu ungali na nguvu, na sasa kuna mtu amekudokeza kwamba ipo kazi bandari ya Al Hamriya, Dubai. Pengine ni shemeji yako, pengine ni wakala, pengine ni mwenzako mliyelala handaki moja Somalia naye akatangulia. Nina neno moja la kukuambia, na mengine yote humu yanatokana na hilo. Kilicho bora ulichofundishwa jeshini si kulipua. Ni kutazama, kupima, kuweka alama na kutoa taarifa. Hayo ndiyo bandari inayoyahitaji kila siku, na hayo ndiyo ya kuuza. Anayekutafuta kwa sababu tu unajua vilipuzi, kaa naye mbali. Sababu utaiona huko mbele.

Kwanza hakikisha unakoitwa. Al Hamriya ninayoizungumzia iko Deira, ndani ya mji wa Dubai, jirani na soko la Waterfront la samaki na mboga lililofunguliwa 2017. Ukishuka metro kituo cha Abu Hail hauko mbali. Ipo Hamriyah nyingine, ya Sharjah, yenye bandari yake na eneo huru la viwanda. Hiyo ni emirati nyingine, yenye mamlaka nyingine. Majina yanafanana, na kwenye ofa zinazotumwa kwa WhatsApp mara nyingi hayapambanuliwi. Ukiletewa kazi ya ulinzi, uliza: Dubai au Sharjah? Leseni ya ulinzi ya Dubai husimamiwa na SIRA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya 2016, nayo ni ya Dubai. Ukisomea upande mmoja kisha ukapelekwa upande wa pili, jiandae kuanza upya, na gharama ya kuanza upya mara nyingi humwangukia aliye chini.

Halafu uijue bandari yenyewe, maana wengi wakisikia bandari ya Dubai wanaiona Jebel Ali, iliyofunguliwa 1979, na kreni zake ndefu na kontena zilizopangwa mpaka macho yanachoka. Al Hamriya ni gati la majahazi na meli ndogo. Majahazi mengi ni ya mbao, yameundwa Gujarat, pwani ya Mandvi na Salaya, yanasukumwa na injini za dizeli, na mabaharia wake wengi ni Wahindi wa huko huko. Hupakia mchele, sukari, mafuta ya kupikia, matairi, majokofu, magodoro, vipuri na magari yaliyotumika, yakaelekea Bosaso, Berbera, Yemen na Iran. Kutoka pwani ya Somalia hurudi na mifugo. Mzigo wa jahazi haufiki umefungiwa ndani ya sanduku la chuma lenye lakiri. Unafika kwa lori, unashushwa gatini, unapangwa, unaingia ngamani kwa kreni ndogo na kwa mabega ya watu. Kila gunia linapita mbele ya macho ya mtu. Ndiyo maana macho yako yana thamani pale kuliko mahali ambapo kila kitu kimefungwa.

Tatizo ni kwamba mwajiri wa kiraia hajui ulikuwa unafanya nini. Ukimwambia ulikuwa askari mhandisi, anafikiria ama mabomu ama fundi wa kujenga choo cha kambi. Wewe unajua kwamba kazi ile ina sehemu tatu: kuwapitisha wenzako pasipopitika, kumzuia adui asipite, na kuwawezesha wenzako kuishi mahali ambapo bila wewe wangekufa kwa risasi, kiu au uchafu. Sehemu ya kwanza na ya tatu ndizo za kuandika kwenye wasifu wako, na uziandike kwa lugha ya kiraia. Bahati nzuri mifano ya hadharani ipo. Ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo ya tanzanite Mirerani, uliozinduliwa Aprili 2018, ulijengwa na jeshi la Tanzania. Reli ya zamani ya Nairobi hadi Nanyuki ilifufuliwa 2020 wanajeshi wa Kenya wakiwa kazini. Uwanja wa Namboole mjini Kampala ulikarabatiwa na brigedi ya uhandisi ya UPDF. Kama ulikuwepo kwenye kazi ya namna hiyo, iweke juu kabisa.

Andika vitu vinavyopimika. Usiseme ulivusha kikosi mto. Sema uliongoza watu wangapi kuunganisha daraja la Bailey, urefu gani, kwa muda gani, na kwamba hakuna aliyeumia. Paneli moja ya daraja hilo ina urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 260 hivi, na hubebwa na watu sita kwa pamoja, kwa sauti moja ya kuhesabu. Msimamizi wa gati akiona umewahi kuwapanga watu sita chini ya kilo 260 bila mtu kupondeka kidole, ameshajua wewe ni nani. Yaliyo ya siri yaache. Kiapo hakiishi siku unaporudisha buti, na mwajiri wa maana hatakuuliza kikosi chako kilikuwa wapi na kilikuwa na silaha gani. Akikuuliza hivyo, si kazi ya gatini anayokutafutia.

Vyeti vyako vifanyie kazi ungali nyumbani. Falme za Kiarabu hazikubali cheti cha kigeni kwa kukitazama tu. Kinatakiwa kipite wizara ya mambo ya nje ya kwenu, kisha ubalozi wao, kisha wizara yao ya mambo ya nje. Cheti cha kumaliza utumishi, vyeti vya kozi, leseni ya udereva na cheti cha tabia njema cha polisi vyote vipitishe njia hiyo kabla hujasafiri, kwa sababu kuvifuatilia kutoka Deira ni kumsumbua ndugu yako wa nyumbani kila wiki. Na begi lako lipekue mwenyewe kama ulivyopekua magari kizuizini. Ganda la risasi uliloweka kumbukumbu, kisu cha jeshi, kofia ya kombati, beji, ramani: vyote vibaki kwa mama. Ganda moja tupu likionekana kwenye mashine ya uwanja wa ndege linaweza kukulaza rumande, na hakuna atakayekuelewa ukisema ni zawadi ya marehemu rafiki yako.

Upande wa wakala nitapita haraka kwa sababu kanuni zenyewe ni fupi. Tumia aliyeorodheshwa: Kenya waulize Mamlaka ya Taifa ya Ajira, Tanzania waulize TaESA, wahudumu wa ajira wa serikali, Uganda iulize Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, ile Namba 33 ya 2021 iliyoanza kutumika Februari 2022, inakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri, na inakataza kumnyang'anya hati zake. Pasipoti ni yako. Usifanye kazi kwa visa ya matembezi hata wakikuambia ni ya wiki mbili tu. Mshahara upite benki, usipewe mkononi kwenye bahasha. Mkataba usome kwa lugha unayoielewa, na ofa uliyosaini nyumbani uilinganishe na mkataba unaowekewa mezani Dubai, namba kwa namba.

Kazi zenyewe ni zipi? Ya kwanza watakayokupa ni ulinzi, maana askari wa zamani kutoka Afrika Mashariki wanajulikana Ghuba nzima kwa kusimama getini. Si kazi mbaya, lakini usiifanye dari yako. Kwa mhandisi wa medani ziko nyingine zinazokufaa zaidi: kufunga mizigo ya kreni na kumwongoza dereva wake, ukarani wa kuhesabu shehena, usaidizi wa usalama kazini, usimamizi wa vibarua. Nyingi zinadai cheti cha kiraia cha siku chache. Lipa, kipate, hata kama unajua zaidi ya mwalimu.

Chukua kufunga mizigo. Tuseme umepewa jenereta la tani 1 liingie ngamani, nalo linainuliwa kwa kamba mbili kutoka ndoano moja. Kamba zikisimama karibu wima, kila moja inabeba nusu tani. Zikitanuka mpaka zikalala kwa nyuzi 30 tu kutoka mlalo, kila moja inabeba tani nzima, ingawa jenereta halijaongezeka hata kilo. Kibarua asiyeambiwa hili atachukua kamba fupi kwa sababu ndiyo iliyo karibu, na kamba ya nusu tani inaweza kukatika jenereta likiwa juu ya vichwa vya mabaharia. Wewe ulijifunza hesabu hiyo matopeni, ukiinua gogo la daraja kwa winchi. Ilete gatini. Kabla ya kila kuinua, pitisha mkono kwenye kamba yote, tazama nyuzi zilizochanika na sehemu iliyochubuliwa na chuma, tazama kama pini ya shekeli imekazwa, kisha inua kiganja kimoja tu kutoka ardhini na usubiri. Mzigo uliofungwa vibaya hujionyesha hapo hapo kwa kuinama. Hakuna anayepita chini yake mpaka umetua. Hapo ukali wako wa sajini una kazi. Pengine popote gatini punguza.

Sasa nije kwenye kutazama, ambako ningependa utulie. Unakumbuka zoezi la gari linaposimama barabarani: kabla mguu haujagusa ardhi, macho yanazunguka mita 5 kila upande, mkikaa zaidi, mnapanua hadi mita 20 au 25. Unatafuta mambo mawili. La kwanza ni kilichopo ambacho hakikustahili kuwepo: udongo mpya, waya, jiwe lililogeuzwa upande wa unyevu juu. La pili ni gumu zaidi, nalo ni kilichokosekana ambacho kilistahili kuwepo: soko la asubuhi lisilo na watoto, njia ya mbuzi ambayo leo mbuzi wameikwepa. Wanajeshi waliopita barabara za Shabelle ya Chini na Jubba wanajua kwamba hili la pili limeokoa watu wengi kuliko kifaa chochote cha kunasa chuma.

Zoezi hilo linahamia gatini lilivyo. Ukianza zamu, simama penye mzigo wako uzunguke mita 5. Pipa limevimba kifuniko? Chini ya paleti kuna maji yenye rangi? Kuna harufu inayouma macho? Kisha panua. Lebo ya gunia imekatwa kwa kisu badala ya kuchanika kwa safari. Pipa limepakwa rangi mpya juu ya maandishi ya zamani. Katoni zimeandikwa sabuni na vibarua wawili wanahema kuinua moja. Wapagazi wanaobeba kila kitu wanalizunguka rundo moja bila kuligusa, na ukimuuliza mmoja wao, anatazama pembeni. Kwenye manifesti mwenye mzigo hana simu inayopokelewa. Hakuna hata moja kati ya hayo inayothibitisha uhalifu. Pipa linaweza kuvimba kwa jua la Julai tu. Lakini kila moja ni sababu ya kusimamisha kazi kwa dakika kumi na kuuliza.

Ukidhani nakuza mambo, kumbuka tarehe 7 Julai 2021, usiku, pale Jebel Ali: kontena moja lenye vitu vinavyowaka, ndani ya meli iitwayo Ocean Trader, lililipuka na mshindo ukasikika sehemu kubwa ya mji. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyekufa. Beirut hawakupata neema hiyo. Tarehe 4 Agosti 2020, tani 2,750 za amoniamu nitreti zilizokaa ghalani kwa miaka zililipuka, watu zaidi ya 200 wakafa na nusu ya mji ikavunjika vioo. Shehena ile ilifahamika ipo. Karatasi ziliandikwa. Hakuna aliyeiondoa. Hata mkaa wa kawaida una tabia yake. Ukifungwa kwenye gunia kabla haujapoa sawasawa, au ukipata unyevu ukarundikwa bila hewa, hujipasha moto katikati ya rundo wakati gunia la nje bado ni baridi. Ingiza mkono katikati ya magunia, si juu.

Mkaa unanirudisha Somalia, na hapa nataka unisikilize kama mtu aliyekuwa kule. Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kwa azimio namba 2036, lilipiga marufuku mkaa wa Somalia kuuzwa nje, kwa sababu Al-Shabaab walikuwa wakitoza ushuru wake. Septemba mwaka ule majeshi ya Kenya yaliingia Kismayo, na waliokuwepo wanaikumbuka milima ya magunia bandarini. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika baadaye kwamba biashara iliendelea hata baada ya mji kutekwa, kwamba mkaa ulisafirishwa kwa vyeti vya uongo vya nchi ulikotoka, na Al Hamriya wakaitaja kuwa moja ya mahali ulikoteremshwa. Kwa hiyo gati utakalofanyia kazi si geni kwako. Ni ncha ya pili ya kamba uliyokuwa umeishika.

Kamba hiyo inavuta pande zote mbili. Novemba 2019, kwa azimio namba 2498, Baraza hilo hilo lilizitaka nchi zote zizuie kuingizwa Somalia baadhi ya kemikali na vifaa pale penye ushahidi kwamba vitatengenezewa vilipuzi. Vitu vyenyewe si vya ajabu. Vingine ni vya shambani, vingine vya machimbo, vingine vinauzwa dukani. Mfanyabiashara mwaminifu wa Bosaso anavihitaji kwa kazi halali, na wengi wao ni waaminifu. Lakini wewe umewahi kupiga magoti barabarani, ukachomeka kijiti ardhini kwa mshazari, sentimita kwa sentimita, nyuma yako kuna lori la vijana wanaosubiri uinue kidole. Unajua kilichokuwa chini ya udongo ule kilikuja kutoka mahali fulani, kilipakiwa na mtu, na kilihesabiwa na karani. Karani huyo leo waweza kuwa wewe. Mzigo ukikosa maelezo, mweleze msimamizi wako, na msimamizi aieleze forodha ya Dubai. Si kazi yako kumshutumu nahodha wala kufungua kifurushi. Ulichokiona, lini na wapi, basi.

Na hapa ndipo askari wa zamani anapojaribiwa. Ikitokea kifurushi kweli kinatia shaka, kila mtu gatini anayejua ulikuwa jeshini atakugeukia wewe. Vijana watasema, afande, tusaidie. Usiguse. Jeshini ulikuwa na amri, kikosi, daktari nyuma yako, mavazi, na mtu wa pili aliyekuwa akiangalia kila kidole chako. Gatini huna hata kimoja, na huna mamlaka ya kisheria. Kazi yako ni ile ya mwanzo kabisa ya mhandisi yeyote: simamisha, ondoa watu kwa njia waliyoingilia, weka alama inayoonekana, zuia wengine wasiingie, piga simu. Polisi wa Dubai ni 999, zimamoto ni 997. Wakifika waambie umbo, ukubwa, rangi, umbali na kilichokizunguka, kisha kaa pembeni. Na simu isipige picha. Kupiga picha maeneo ya bandari na usalama ni kesi pale, hata kama nia yako ni njema.

Waliokuwa Dar es Salaam wanajua kwa nini nasema usiguse. Maghala ya silaha yalilipuka Mbagala tarehe 29 Aprili 2009, na tena Gongo la Mboto tarehe 16 Februari 2011. Kila mara walikufa watu zaidi ya 20, na mabomu yasiyolipuka yakatawanyika kwenye nyua za watu. Onyo kwa wananchi lilikuwa hilo hilo: usiguse, toa taarifa. Askari wenye mafunzo na vifaa ndio wanaokusanya.

Kuna njia halali ya kuendelea na vilipuzi ukiwa raia, kama moyo wako uko huko, nayo haianzii Dubai. Ni uondoaji mabomu wa kibinadamu. Kazi hiyo ina viwango vyake vya kimataifa na ngazi zake za ustadi, na cheti cha jeshi peke yake hakitoshi. Embakasi, Nairobi, kulifunguliwa chuo cha kimataifa cha kazi hiyo 2005. Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu, na panya wao walishiriki kusafisha Msumbiji mpaka nchi ile ikatangazwa 2015 kuwa haina tena maeneo ya mabomu yanayojulikana. Somalia, Sudan Kusini na Angola kazi bado ipo. Ukiona tangazo, angalia kama shirika linataja viwango hivyo, bima ya maisha na ya viungo, na daktari uwanjani. Lisipotaja, acha.

Ile njia nyingine, isiyo halali, utaijua kwa harufu. Mtu atakufuata kwenye chumba chenu, au kwenye mgahawa wa wali na maharage Deira, akiwa na kauli tamu: anahitaji wahandisi, mshahara mara nne, mkataba wa mwaka, nchi ataitaja baadaye. Atakuita kamanda. Novemba 2025 serikali ya Kenya ilisema kwamba raia wake zaidi ya 200 huenda wameingizwa kwenye jeshi la Urusi katika vita vya Ukraine, wengi wakiwa wamerubuniwa kwa ahadi za kazi. Mhandisi wa medani katika vita vya namna hiyo hutangulizwa mbele kusafisha njia, na wa kigeni asiyejua lugha hutangulizwa mbele zaidi. Mkataba wa lugha usiyoisoma, nchi isiyotajwa, haraka ya kusafiri: likitokea hata moja, mwambie rafiki yako na ubalozi wako, na ubadilishe namba ya simu.

Mwili wako nao una hesabu yake. Wengi waliokaa karibu na milipuko masikio yao yanalia usiku, na wengine usingizi wao ni wa vipande. Gatini kuna chuma kinachoanguka juu ya chuma mchana kutwa. Vaa vizibo vya masikio tangu siku ya kwanza. Ukishtuka mlango wa lori ukibamizwa mpaka jasho likakutoka, si woga, na si jambo la kumaliza kwa pombe, ambayo pale ina masharti yake ya kisheria. Tafuta mmoja kati ya wenzako aliyekuwa kule, mketi jioni ufukweni Al Mamzar mzungumze, na ikizidi mwone daktari kabla kazi haijakuona wewe. Joto ni adui mwingine. Kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba kazi ya juani inakatazwa kati ya saa 6:30 na saa 9:00 mchana. Hiyo ni haki yako na ya vibarua unaowasimamia. Wapumzishe.

Wiki yako ya kwanza usijionyeshe. Nahodha wa jahazi muite nakhuda, umpe salamu kamili kabla ya kuuliza lolote, na ukikaribishwa chai pokea hata kama una haraka. Jifunze kuhesabu kwa Kihindi na kwa Kiarabu, moja hadi mia, kwa sababu ugomvi wa gatini ni wa idadi. Kiswahili hakitakupotea. Utakisikia kwa Wasomali waliokulia Kenya, na kwa wazee wa Kiomani waliozaliwa Unguja, ambao wakikuuliza kwenu wapi watataka mtaa, si nchi. Kila jioni, kabla hujarudi chumbani, andika kwenye daftari la mfukoni: jina la jahazi, linakokwenda, saa uliyoanza na uliyomaliza, uzito wa kila mzigo mkubwa ulioinua, kamba uliyotumia na lini ilikaguliwa, mzigo uliosimamisha na jina la msimamizi uliyemwambia. Daftari liwe lako, si la kampuni, na kila ukurasa uwe na tarehe.